Mrejesho: SME V au Rega RB3000?

Wakuu, mrejesho niliowaahidi. Niliuliza nifunge mkono upi (ule unaobeba sindano juu ya santuri) kati ya hii miwili kwenye mashine yangu, katriji, yaani kifaa chenye sindano, ikiwa Denon DL-103.

Nimechukua SME, ya mtumba, maana kampuni iliacha kuuza mikono peke yake mwishoni mwa 2019. Mpya utaupata kwenye mashine zao tu, na bei yake tusiizungumzie.

Rega niliazimwa na jamaa yangu. Mkono mzuri, besi imekaza, ila ukitaka kuupandisha lazima upachike vipande vya chuma chini ya kitako. SME unalegeza skrubu, unainua, unakaza, basi.

Mliosema DL-103 inataka mkono mzito mlinena kweli. Shina la sindano yake limeshikwa kwa ugumu, halichezi kirahisi, na SME ni mkono wa uzito wa kati: uzito unaoihusu sindano mkono ukitembea (effective mass) ni gramu 10 hadi 11. Ili kuongeza uzito, fundi alipachika bamba jembamba la shaba kati ya katriji na kichwa cha mkono, akasawazisha upya, shinikizo la sindano likakaa gramu 2.5. Mngurumo wa chini uliokuwapo ukatulia.

Tofauti naisikia hasa nyimbo za mwisho karibu na lebo, ambako duara ni dogo na sindano huhangaika. Magitaa ya Mbaraka Mwinshehe hayakwaruzi tena. Sauti za waimbaji? Sikuona tofauti ya maana, wala mke wangu, na yeye ana masikio kweli.

Aliyenishauri mkono wa inchi 12: nilipima, kifuniko cha mashine hakifungi.