Kuuza nyuzi nilizotia rangi kwa mkono kwenye Nane Nane, Ipuli: naomba uzoefu wenu

Mwuliza swali (Isevya, Tabora)

Habari zenu ndugu zangu. Mimi hutia rangi nyuzi za pamba za kufumia nyumbani kwangu, na mpaka sasa wateja wangu wamekuwa majirani na akina mama wa kikundi chetu, ambao huzitumia kufumia vitambaa vya makochi na kofia za watoto. Mwaka huu kikundi kimepata nafasi kwenye viwanja vya Ipuli wakati wa maonesho ya Nane Nane, nami nimepewa meza yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza. Rangi zangu ni za aina mbili: za unga, zile zinazouzwa kwa watengeneza batiki, na zile ninazochemsha mwenyewe kutokana na magome ya mwembe, maganda ya vitunguu na bizari. Ninaomba mnishauri kama nibebe rangi nyingi kidogo kidogo au rangi chache kwa wingi, na namna ya kupanga bei. Tena, je, ni haki kumuuzia mtu wa mbali uzi wa bizari, ambao unavutia macho kuliko mwingine wote mezani?

Jibu (fundi batiki, Ujiji)

Hongera sana, dada. Nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo zito. Uzi wa bizari usiuuze kwa kazi ya kitu kitakachofuliwa na kuanikwa. Rangi yake haihimili jua, na ikikutana na sabuni ya mche manjano yale hugeuka kuwa wekundu wa kahawia hapo hapo ndani ya beseni. Jirani yako likimpata hilo atakuja kukugongea mlango, mtazungumza na utamfidia, lakini mama aliyetoka Kasulu au Urambo akarudi kwao hana wa kumuuliza, na kazi aliyoifuma kwa majuma kadhaa itakuwa imeharibika mikononi mwake.

Magome ya mwembe ni habari nyingine, na ninyi wa Tabora mmebarikiwa miembe. Magome yale yana ukakasi, na ukakasi ndio unaoisaidia pamba kushika shabu, ile chumvi inayofunga rangi kwenye uzi, maana shabu peke yake haikai vizuri kwenye pamba kama inavyokaa kwenye sufu. Kabla ya hayo yote, hakikisha uzi umechemshwa kwa magadi ili nta yake ya asili itoke. Kata kipande kikavu, kiweke juu ya maji: kikizama upesi, uzi uko tayari, kikielea, rangi itaingia kwa mabaka hata ukikoroga mchana kutwa.

Kwa rangi za unga, kinachochuja baadaye ni ile rangi ya ziada ambayo haikushikamana na uzi, kwa hiyo suuza kwa maji ya moto hadi maji yatoke meupe kabisa. Kisha fanya jaribio ambalo mimi silivuki kamwe: lowesha kipande cha uzi, kikunje ndani ya kitambaa cheupe, kandamiza kwa kitu kizito na ukiache usiku kucha. Kitambaa kikiamka na alama, fungu hilo halijawa tayari kuuzwa.

Jibu (mfumaji, Nzega)

Mimi ninasema kwa upande wa mnunuzi. Beba rangi chache kwa wingi. Seti ya vitambaa vya makochi haifumwi kwa fungu moja, na hakuna linalokatisha tamaa kama kupata uzi mzuri wa kutosha nusu ya kazi, halafu fungu linalofuata likawa limetoka sufuria nyingine na limepauka kidogo. Kwenye meza tofauti hiyo haionekani, ila kochi la tatu likishavalishwa kila mgeni anaiona. Kila fungu liwe na namba ya sufuria lilimotiwa rangi, na mafungu ya sufuria moja yakae pamoja. Fuma pia kitambaa kimoja kamili, uandike kimetumia mafungu mangapi, kwa sababu hilo ndilo swali utakaloulizwa kuliko mengine.

Mwuliza swali

Ninawashukuru kwa dhati. Uzi wa bizari nitauacha nyumbani, na namba za sufuria nitaanza kuandika leo. Bado nina wasiwasi kuhusu bei na kuhusu jua la Agosti.

Jibu (mjasiriamali, Tabora mjini)

Mama, bei ianze kwenye daftari: uzi mweupe, rangi, shabu au magadi, mkaa, maji, nauli ya kufika Ipuli na saa zako za kazi, kisha ugawe kwa mafungu yaliyofaa kuuzwa, si kwa yote uliyochemsha. Akina mama wengi huacha saa zao nje ya hesabu, na ndiyo sababu mtaji huliwa bila wao kuona. Ukiuza kwa uzito, pima uzi ukiwa umekauka kabisa, kwa kuwa pamba yenye unyevu humwongezea mteja gramu za maji anayoyalipia, na utumie mizani iliyokaguliwa na kugongwa muhuri na Wakala wa Vipimo.

Kuhusu jua, epuka turubai la bluu. Chini yake manjano huonekana kijani na wekundu hufifia, kisha mteja akitoka nje ya banda anadhani amebadilishiwa. Tafuta kitambaa cheupe kizito, weka nje sampuli moja tu ya kila rangi, na nyingine zikae kivulini zikiwa zimefunikwa, maana upepo wa kiangazi huleta vumbi linaloingia ndani ya uzi. Ubebe chenji ya kutosha hata kama una lipa namba, kwa kuwa siku za kilele mtandao huzidiwa. Na kwenye lebo, chini ya ile namba ya sufuria, andika namba yako ya simu, ili aliyepungukiwa na fungu moja akiwa njiani kurudi kwao aweze kukuuliza kama bado limebaki.