Mjadala: Mgonjwa wa ajali hajitambui. Nani aseme "hapo hakuna mtu tena", na aseme lini?

Wanajamvi, salaam.

Kijana akianguka na bodaboda Mbagala au Tegeta, akapasuka kichwa na kupoteza fahamu, haichukui siku nyingi familia kuambiwa "jiandaeni". Bili ya ICU inapanda, ukoo umeshachangishana hadi umeishiwa. Msimamo wangu: hukumu hiyo ya siku za mwanzo haina msingi wa kitabibu na ikomeshwe.

Fahamu haikai sehemu moja ya kichwa. Inategemea mawasiliano kati ya thalamasi, iliyo katikati ya ubongo, na gamba la juu, na vilevile kati ya sehemu za mbele na za nyuma za gamba hilo. Kichwa kikitikiswa kwa kasi, nyuzi zinazounganisha sehemu hizo huvutika na kukatika. Seli nyingi zinaweza kuwa hai, ila haziwasiliani. Picha ya CT inaonyesha damu na mfupa uliovunjika. Nyuzi hizo mara nyingi haizionyeshi. Ndiyo maana picha mbaya ya siku ya tatu siyo jibu la mwisho, na mawasiliano yanaweza kurudi taratibu, kwa wiki na miezi.

Utafiti wa Marekani uliotoka 2021 ulifuatilia watu waliofikisha wiki mbili macho yanafunguka lakini hawajitambui. Ndani ya mwaka mmoja, asilimia 78 walirudiwa na fahamu. Mwongozo wa madaktari wa mishipa ya fahamu wa huko, wa 2018, unawataka wasiseme hakuna matumaini ndani ya siku 28 za kwanza. Canada nako, utafiti wa 2011 katika hospitali sita ulionyesha kwamba asilimia 70 ya waliofariki kwa majeraha ya kichwa walifariki baada ya kuondolewa mashine. Utabiri unajitimiza wenyewe!

Kuna jambo zito zaidi. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake, Cambridge, walimwambia mwanamke aliyeonekana hajitambui afikirie anacheza tenisi. Kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, ubongo wake ukaitika kama wa mtu mwenye afya njema. Utafiti wa 2024 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa 241 wasiotii amri yoyote kitandani, 60 walitii kwa ubongo tu, vipimo vya ubongo vikaonyesha. Tunawasema mbele yao kana kwamba hawapo, kumbe wanasikia.

Muuguzi, Temeke: Kaka, takwimu hizo ni za hospitali zenye vitanda na mazoezi ya viungo. Mashine ya kupumulia ikiwa moja na vijana ni wawili, nifanyeje? Na wengi hawamalizwi na ubongo, wanamalizwa na vidonda vya mgongo na nimonia baada ya kurudishwa nyumbani.

Mdau, Kigamboni: Sisi tuliuza kiwanja. Mdogo wangu amefumbua macho, lakini hawatambui wanawe. Hiyo asilimia 78, umeuliza wangapi walirudi kuwa watu wa kujitegemea?

Mleta mada: Ndugu wa Kigamboni, pole sana, na swali lako ni la haki. Katika utafiti uleule, kati ya walioweza kupimwa, robo tu ndio waliofikia kujua wako wapi na leo ni siku gani. Kurudiwa na fahamu siyo kupona, na familia iambiwe hivyo waziwazi. Kitita cha bima ya afya kwa wote, chini ya sheria ya 2023, kilipie uangalizi wa nyumbani. Ukoo mmoja hauwezi kubeba mzigo huo.

Dada, mashine ikiwa moja, semeni mashine ni moja. Msiseme ubongo umekufa wakati haujapimwa kifo cha ubongo. Na si kila kipimo kinadai mamilioni. Mwaka 2009 wagonjwa 44 walioitwa wasiojitambua walipimwa upya kitandani kwa orodha maalumu ya vipimo vya fahamu. 18 walikuwa na dalili za fahamu. Dalili ya mapema mara nyingi ni macho kufuata kitu, na Wabelgiji walionyesha 2008 kwamba kioo cha mkononi huivuta kuliko vitu vingine, kwa sababu mgonjwa anauona uso wake. Vioo vimejaa Kariakoo. Pima asubuhi, rudia siku nyingine, andika kwenye faili.

Muuguzi, Temeke: Kioo nitakuja nacho zamu ijayo. Sasa niambie: macho yakifuata na daktari ameshaandika aruhusiwe, neno langu litabadili nini kwenye faili hilo?