Kundi: Wana wa Chumbageni 🌴

JUMAPILI

[20:11] Da Mwajuma: Asalaam aleikum wote. Naomba tuongee habari ya Baba kabla wiki haijaanza. Leo ni wiki ya saba tangu apasuliwe pafu na kikohozi hakijaacha. Jana nimempigia mara mbili, zote mbili kakata simu katikati. Hamalizi neno.

[20:12] Da Mwajuma: Leo nataka tujue nani anampeleka Dar, nani anatoa nauli, na nani anakwenda kuongea na Mama Mdogo kuhusu lile jiko.

[20:40] Da Mwajuma: Naona tiki za bluu. Mnasoma tu.

[20:58] Chidi: Waaleikum salaam dada. Tulikuwa tunasubiri mpira uishe 😅

[20:58] Da Mwajuma: Chidi, baba yako anakohoa.

[21:01] Chidi: Najua dada, mimi ndiye nalala chumba cha pili. Kinaanza saa nane usiku. Kikavu, hakitoi kitu. Anakaa kitako kashika ubavu wa kushoto, kinamtikisa mpaka machozi yanamtoka. Nikiingia ananiambia nenda kalale.

[21:20] Nuru: Chidi, kuna damu?

[21:21] Chidi: Tangu wamtoe kile kipande, hata doa.

[21:21] Nuru: Homa? Jasho la usiku? Nguo zinampwaya?

[21:23] Chidi: Hapana. Anakula. Jana kamaliza samaki wangu.

[21:31] Nuru: Basi tusitishane. Huku wodini nimewaona wengi. Mtu akitolewa kipande cha pafu, kikohozi kikavu huweza kukaa wiki nyingi, wengine miezi. Mjomba katolewa kipande cha juu, kilichobaki kimejitanua kujaza nafasi, njia za hewa zimevutika zikakaa upya, na mishipa ya fahamu iliyoguswa bado inawasha. Kitu kidogo kinaiamsha. Vumbi, manukato, moshi, chakula cha usiku kikipanda kooni.

[21:33] Nuru: Ila mkiona damu, au homa, au makohozi mengi ya ghafla, ya majimaji au yanayonuka, au pumzi inambana akiwa amekaa tu, au mguu mmoja umevimba, hapo msingoje kliniki wala msiniulize mimi. Ni hospitali usiku huohuo.

[21:34] Da Mwajuma: MOSHI. Mmesikia wenyewe. Mimi nimesema tangu siku ya kwanza.

[21:35] Da Mwajuma: Jiko la mkaa saa kumi alfajiri chini ya dirisha la mgonjwa. Kila siku.

[21:52] Mama Mdogo: Mwanangu Mwajuma, vitumbua nakaanga pale uani tangu wewe hujaolewa.

[21:54] Mama Mdogo: Na vitumbua hivyo ndivyo vilivyomtoa baba yenu hospitali. Humu mlikuwa mnaandika nitatuma kesho, nitatuma kesho. Mimi nilikuwa nahesabu sarafu.

[21:55] Da Mwajuma: Mama Mdogo sikusema hivyo.

[21:57] Chidi: Jamani msigombane na vitumbua, mimi nimeshaagiza kumi vya kesho 😂

[21:58] Ba'mdogo Makorora: Na mimi niwekee vinane.

[22:00] Mama Zaki: Hivi bado ni mia mbili?

[22:01] Mama Mdogo: Mia mbili. Mchele umepanda lakini.

[22:01] Ba'mdogo Makorora: Vya nazi vile?

[22:02] Da Mwajuma: JAMANI

[23:47] Salehe Muscat: Ndiyo natoka kazini. Kama leo tunahesabiana nani alitoa na nani hakutoa, basi tuhesabu yote. Minazi ya Pongwe iliuzwa kwa idhini ya nani?

[23:49] Da Mwajuma: Salehe, hilo si la leo.

[23:49] Salehe Muscat: Kila siku si la leo.

[23:50] Ujumbe huu umefutwa

JUMATATU

[07:05] Da Mwajuma: Asubuhi njema. Kliniki yake ni wiki mbili zijazo ila nimempigia dada wa mapokezi, kasema Alhamisi tukifika mapema ataonwa. Nahitaji mtu wa kumsindikiza na laki moja na nusu. Mimi natoa hamsini.

[09:30] Nuru: Chidi, nipigie picha dawa ZOTE anazomeza. Na za dukani. Na za majani kama zipo.

[12:14] Da Mwajuma: Hamsini yangu ipo pekee yake mpaka sasa.

[13:02] Chidi: Dada, kuna jingine sikutaka kulisema. Watoto wa Kaka Athumani hawaji tena. Baba kila Ijumaa anauliza Zaki yuko wapi. Nishachoka kumdanganya kuwa wana madrasa.

[13:40] Mama Zaki: Mimi ni mama, lazima niangalie wanangu. Kila mtu anajua nyumba ile iliwahi kuwa na TB. Mtu anakohoa miezi miwili, majirani wananiuliza, niwajibu nini?

[13:58] Nuru: Mama Zaki, wasiwasi wako naujua, huku nauona kila siku. TB Mjomba aliimaliza. Alimeza dawa miezi sita hakuruka hata siku moja, mimi mwenyewe nilikuwa nazihesabu. Ila ilimwachia shimo kwenye pafu, na humo shimoni ikaota fangasi. Ile damu ya mwaka jana ilikuwa ya fangasi hiyo, na ndiyo wameikata wakaitoa. Haihami kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Makohozi yalipimwa kabla hajapasuliwa, yakawa safi.

[14:00] Nuru: Alhamisi nitaomba wampime tena kama atapata makohozi, na karatasi nitaiweka humu. Lakini mtoto kumwamkia babu yake mlangoni, hilo halihitaji karatasi.

[14:03] Mama Zaki: Sawa nimekusikia.

[16:36] Shangazi Mkubwa Pangani: 🎤 Sauti 3:08

[16:50] Salehe Muscat: Nipo kazini siwezi kusikiliza. Nani aniandikie?

[17:22] Nuru: Nimeandika kama alivyosema, sijapunguza.

"Nimemzika kaka yenu mkubwa kwa kikohozi, na siku anakata roho watu walikuwa barazani wanabishana gari itoke kwa nani. Sitaki kuyaona tena. Mwajuma, hukukosea kusema, umekosea kumsema mwenye nyumba mbele ya watu. Utampigia umtake radhi, si kwa kuandika. Wifi yangu, umemuuguza kaka yangu peke yako na Mungu amekuona, lakini jiko litoke pale dirishani liende kwenye mwembe. Bati la kibanda nitanunua mimi, yule beberu nitamuuza. Athumani, watoto waende kwa babu yao Ijumaa, na wewe uwepo. Na habari ya Pongwe, mimi ndiye niliyekuwepo na mimi nitaisema, nikiwa nimekaa na nyinyi, siyo ndani ya simu. Huyo mtu bado yu hai. Mnaandika kama tumeshamzika."

[21:48] Mama Mdogo: Nimesikia wifi.

[22:15] Salehe Muscat: Sawa Shangazi.

[22:16] Da Mwajuma: Sawa Shangazi. Nimeshampigia.

JUMANNE

[06:40] Chidi: 📷 Picha

[06:41] Chidi: Samahani Nuru, chaji iliisha.

[07:15] Nuru: Hiki kidonge cha presha, cha pili kutoka kushoto. Kaanza lini?

[07:19] Chidi: Alipewa siku anaruhusiwa. Presha ilikuwa juu.

[07:26] Nuru: Nisomeeni vizuri. Jina lake linaishia na "pril". Dawa za kundi hili ni nzuri kwa presha, ila kwa baadhi ya watu huleta kikohozi kikavu cha namna hiihii. Sisemi ndiyo hiyo. Inawezekana ni mshono, inawezekana ni moshi, inawezekana ni vyote. Lakini lazima daktari aambiwe.

[07:27] Nuru: ASIIACHE MWENYEWE. Chidi umeelewa? Presha ikifumuka tutakuwa na balaa jingine. Zipo dawa za kundi lingine, daktari ndiye wa kumbadilishia. Na hata akibadilishiwa, huenda zikapita wiki kadhaa ndiyo kitulie, msianze kusema haikusaidia.

[07:30] Da Mwajuma: Wiki saba nzima na hakuna aliyeuliza anameza nini!!

[07:31] Nuru: Hata mimi sikuuliza, da Mwajuma. Na ni kazi yangu.

[07:44] Nuru: Mpaka Alhamisi: akisikia kinakuja, akumbatie mto aubane pale kwenye mshono ndipo akohoe, ule uchungu utapungua sana. Alale kainuliwa kichwa na mabega, si kichwa tu. Chakula cha usiku ale mapema, masaa mawili matatu kabla ya kulala. Maji ya uvuguvugu awe nayo karibu, anywe kidogo kidogo. Na ule muwasho mkavu ukianza, afunge mdomo, ameze mate, avute pumzi polepole puani. Mara nyingine unapita. Lakini kama kuna makohozi ayatoe, asiyazuie. Na msimnunulie dawa za maji za kulaza mtu bila daktari.

[08:02] Ba'mdogo Makorora: Na asali na tangawizi?

[08:05] Nuru: Asali inatuliza koo, haina neno.

[08:06] Ba'mdogo Makorora: Mimi napenda na chapati 😋

[08:07] Da Mwajuma: Ba'mdogo tafadhali.

[11:53] Salehe Muscat: Nimetuma elfu 80. Nyingine mwisho wa mwezi inshallah. Nani anakwenda naye?

[11:55] Chidi: Alhamisi nina mtihani dada, wallahi si kisingizio.

[12:30] Ba'mdogo Makorora: Mimi ningeweza ila pikipiki iko kwa fundi, na mgongo wangu basi saa sita zote hizo... Jumatano ijayo ningesema sawa.

[12:31] Da Mwajuma: Jumatano ijayo siyo Alhamisi hii.

[12:33] Da Mwajuma: @Athumani?

[17:10] Baba: Nimewasoma wote. Mto umenisaidia leo mchana, nimelala mpaka adhana ya alasiri. Basi la usiku sipandi. Vitumbua viendelee, ila Zaki aletwe.

[17:11] Chidi: ❤️

[17:12] Nuru: Mjomba 🙏🏾🙏🏾

[17:15] Shangazi Mkubwa Pangani: 🎤 Sauti 0:04

[18:20] Mama Zaki: Ijumaa baada ya swala tutakuja, Baba.

[18:48] Mama Mdogo: Jiko nimelipeleka kwenye mwembe leo. Upepo wa baharini unarudisha moshi ndani vilevile. Kesho nitajaribu kule nyuma ya bafu.

[19:02] Da Mwajuma: Asante Mama. Basi la saa kumi na mbili asubuhi Jumatano, wanalala kwangu, Alhamisi wanaonwa. Tiketi mbili nakata usiku huu. Ya pili niandike jina la nani?

[21:37] Da Mwajuma: Athumani, naona umesoma.