Tupeane uzoefu: wenye mofea, ngozi kukakamaa na kung'aa

Mama Wawili: Leo kwenye daladala nimekaa na dada ana baka mkononi, jeupe katikati, linang'aa, pembeni zambarau. Moyo ukanilipuka. Nikatamani kumuuliza, nikashindwa. Langu liko ubavuni. Lilianza kama nimegongwa mahali, likawa gumu, ukitaka kulifinya halikamatiki. Vinyweleo hakuna, hata jasho halitoki hapo. Mliopitia hii njooni.

Kijiko: Nipo. Mimi kiunoni, pale pale mkanda unapobana. Siku hizi limelainika ila pamebonyea, pamebaki kahawia.

Tandika Boy: Huo si ukoma jamani? Wazee waliujua.

Nesi Mstaafu: Tandika, acha kutisha watu. Baka la ukoma kwa kawaida linakufa ganzi, ukilipapasa na pamba mgonjwa hasikii. Na mofea haiambukizi. Ni kinga ya mwili imegeukia ngozi, kolajeni, zile nyuzi zinazoshikilia ngozi, inajazana, ngozi inakakamaa. Kwetu sisi weusi ule wekundu wa mwanzo hauonekani vizuri, mtu anaona weusi tu, basi anapakwa dawa za fangasi mpaka anachoka.

Tandika Boy: Nimeuliza tu mama, ukali wa nini.

Dada wa Tanga: Mmenikumbusha mbali. Binti yangu ndiyo kwanza anaanza shule, ukamtokea mstari kwenye paji la uso, unatoka kichwani unashuka kuelekea kwenye nyusi. Nywele zikanyonyoka kufuata huo mstari, ukipitisha kidole unasikia mtaro. Wifi yangu mkubwa akatangaza mtoto kapigwa panga na jini, akachanjwe. Mume wangu kimya, mambo ya dada yake hayaingilii. Usiku mtoto akashikwa na degedege. Nyumba nzima yowe, na wifi juu ya yowe: "Si niliwaambia?" Nikambeba mgongoni nikatoka na kanga moja. Tulikofikia kwanza wakapima malaria, hakuna. Tukahangaika hadi KCMC Moshi, kwa wataalamu wa ngozi. Daktari alipouona ule mstari, kabla sijasema kitu, akauliza kama mtoto amewahi kupata degedege. Nililia pale pale. Akanieleza mofea ya mstari kichwani wakati mwingine inagusa ubongo na jicho, akaagiza picha ya kichwa na macho yapimwe. Sasa anakunywa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, mara moja kwa wiki, na vidonge vya vitamini ya foliki. Mstari upo, ila umeacha kushuka.

Mjukuu wa Chifu: Wifi alisemaje baada ya hapo?

Kijiko: Mimi namtaka huyo mume kwanza.

Mama Wawili: Jamani, mada ni ngozi 😂 Pole sana dada.

Nesi Mstaafu: Wenye watoto msikilize. Mstari ukiwa mguuni au mkononi usikae nao nyumbani. Kiungo kinaweza kubaki kifupi na chembamba, goti likagoma kunyooka. Dawa mapema, na mazoezi ya viungo.

Mjukuu wa Chifu: Hiyo methotreksati si dawa ya kansa? Mnalisha watoto sumu. Mimi napaka mafuta ya nazi na mdalasini, baka linapungua.

Kijiko: Lingepungua tu hata ungepaka uji. Langu lilipoa lenyewe.

Nesi Mstaafu: Kansa wanatumia dozi kubwa mno, hii ni ndogo. Ila ni ya WIKI, si ya kila siku, damu na ini vipimwe, na mwenye mimba asiiguse. Baka moja moja la mtu mzima mara nyingi anapewa mafuta ya steroidi ya kupaka. Na mdalasini unaunguza ngozi, shauri yako.

Mjukuu wa Chifu: Sawa daktari.

Nesi Mstaafu: Nesi.

Tandika Boy: Mimi nina kitu nyuma ya goti. Nimepapasa na pamba, nasikia vizuri. Nishangilie au?

Nesi Mstaafu: Nenda hospitali, Tandika.

Dada wa Tanga: Mlioulizia wifi: kahamia Handeni. Msamaha bado hajaomba.