Msaada: kuhamisha kaseti za roki za zamani kwenye kompyuta bila kupoteza sauti yake

Mpenzi_wa_Roki:
Habari wakuu. Nina kaseti za Foreigner, Styx, REO Speedwagon, Def Leppard na Boston, zile bendi ambazo wajuaji walizidharau wakiziita roki ya makampuni. Mimi nazipenda mpaka leo. Ila nikizisikiliza mtandaoni naona kama si zenyewe: uimbaji umebadilika, ngoma zimejaa kupita kiasi. Nataka zilezile za kwenye kaseti. Mbili hazina trebo (zile sauti kali za juu), moja imekatika mwanzoni, nyingine inazunguka kwa kukwama. Deki ninayo, nzima, na kompyuta mpakato. Nianzie wapi?

FundiHedi:
Mkuu, masikio yako yako sawa. Bendi nyingi za kundi hilo zilirudia kurekodi nyimbo zao miaka mingi baadaye. Def Leppard walirudia baadhi mwaka 2012 kwa sababu ya mgogoro wa malipo ya dijitali na kampuni yao ya rekodi, na albamu zao za asili ziliingia kwenye huduma za mtandaoni Januari 2018. Nyingine ni rekodi ileile iliyopandishwa sauti, hadi beti la upole likalingana na kiitikio.

Usianze kurekodi. Kwanza safisha hedi (kichwa cha deki kinachosoma mkanda), kile kijiti cha chuma kinachovuta mkanda na rola ya mpira kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Kwenye mpira pitisha kidogo tu na ukaushe hapohapo. Badilisha pamba mpaka isitoke na rangi ya kahawia. Kaseti inayokwama ipeleke mbele hadi mwisho kisha uirudishe yote. Mkanda uliolala miaka hujibana kwenye gurudumu lake.

Kuhusu trebo, angalia kwanza kile kipande cha felti kilicho nyuma ya mkanda, katikati ya mdomo wa kaseti. Gundi yake hukauka kikadondoka, mkanda ukaacha kuigusa hedi sawasawa. Kama kipo, basi hedi ya deki yako haina pembe moja na ile iliyorekodia. Pembeni mwa hedi kuna skrubu mbili. Ya kurekebisha ni ile yenye springi au rangi ya kufungia. Weka alama mahali ilipo, cheza wimbo, unganisha chaneli mbili, kushoto na kulia, ziwe mono yaani sauti moja, kisha izungushe polepole, chini ya robo mzunguko, mpaka matoazi yasikike makali kabisa. Rudia kwa kila kaseti. Kwa bendi hizi usipuuze hatua hii: gitaa za albamu ya kwanza ya Boston ya 1976, ambazo Tom Scholz alizirundika tabaka juu ya tabaka akiwa nyumbani kwake, ndizo zinazovurugika mwanzo pembe ikikosewa.

BintiGitaa:
Iliyokatika: kama ganda lina skrubu tano, fungua ukiwa umeilaza mezani. Lililogundishwa lipasue kwenye mshono kwa wembe, kisha hamishia magurudumu yote mawili kwenye ganda jipya la skrubu. Unga kwa utepe maalum wa kuungia kaseti, upande usiogusa hedi. Selotepu ya kawaida usiiguse kabisa: gundi yake huvuja, ikanatisha mizunguko ya jirani na kuchafua hedi. Ganda jipya litakusaidia pia kwa ile isiyo na felti.

Mpenzi_wa_Roki:
Asante sana dada. Kompyuta yangu ina tundu la maikrofoni tu. Litafaa?

Rola_na_Mota:
Halifai, ndugu. Matundu hayo mengi ni ya mono na huongeza nguvu ya mawimbi, sauti ikapasuka. Tafuta kifaa kidogo cha USB chenye viingilio vya laini, yaani vya kupokea sauti ya deki isiyohitaji kuongezwa nguvu, upeleke waya mwekundu na mweupe kutoka deki moja kwa moja. Kwenye Audacity, programu ya kurekodi sauti, weka biti 24, kilohezi 44.1, vilele visizidi desibeli -6. Saa moja itachukua takriban megabaiti 950. Ukihifadhi kwa FLAC, aina ya faili inayobana sauti, itapungua sana bila kupoteza kitu.

Dolby, ule mfumo wa kupunguza mvumo wa mkanda, iwashe kama kaseti ina alama yake, vinginevyo zima. Kaseti za kiwandani, hata zenye mkanda wa kromu, nyingi zilirekodiwa kwa mpangilio wa kawaida wa kusawazisha sauti, ule wa mikrosekunde 120. Kama deki ina kitufe, jaribu huo kwanza.

Mwisho pima mwendo. Wimbo wa 4:00 ukitumia 4:06, mota inazembea kwa karibu asilimia 2.5. Linganisha nyimbo tatu au nne, maana muda wa kwenye jalada si sahihi daima. Rekebisha kwa badiliko la spidi, si la tempo, kwa sababu noti nazo zimeshuka. Faili ghafi usiifute.