Mtoto wa miaka mitatu na nusu: bustani ya wanyama Tabora, Gombe au ufukweni tu?

Mama Nuru (mleta mada)
Wakuu habari za jioni. Tuko Mwanga, Kigoma. Binti yangu tangu aone picha ya simba kwenye daftari la kaka yake, kila paka anayepita uani ni simba. Baba yake kapata siku nne za likizo. Mimi nawaza treni hadi Tabora, wifi yangu anakaa Isevya, tumpeleke ile bustani ya wanyama inayosimamiwa na TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Baba Nuru anasema tunafuata nini Tabora wakati Gombe, hifadhi ya sokwe mtu, iko hapa puani? Mama mkwe yeye anasema ufukweni kunatosha, hela ikae. Mliowahi kutoka na watoto wadogo, semeni.

Mgebuka Mkavu
Mwambie shemeji Gombe ni kilomita 16 tu kutoka mjini, lakini barabara hakuna, ni ziwani moja kwa moja. Boti za abiria zinatoka Kibirizi mchana na kurudi asubuhi, kwa hiyo mtalala huko, au mkodi boti yenu, na hapo mama mkwe atazimia akisikia bei. Halafu mkishafika, mtoto wa umri huo hapelekwi kuwafuata sokwe mtu msituni. Mmoja atabaki naye ufukweni akilinda ndizi zisichukuliwe na nyani, mwingine apande mlima. Hiyo ni safari ya Baba Nuru, siyo ya Nuru.

Kijana wa Ujiji
Kwani kwa nini wanakataza watoto? Si wangewabeba tu mgongoni?

Mgebuka Mkavu
Mgongoni ndiyo kabisa usiseme. Mwaka 2002 sokwe dume mmoja, Frodo, alimnyakua mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni humo humo hifadhini, akamuua. Sokwe dume huwinda tumbili, na kitoto kwao hakina tofauti kubwa. Na upande wa pili kuna magonjwa: mafua yetu yanawaua wao. Mwaka 1966 polio iliwapooza sokwe kadhaa wa Gombe. Sasa niambie mtoto gani wa miaka mitatu hana kamasi.

Bibi Asali
Mwangaluka, mama Nuru. Mimi ni wa hapa hapa Tabora, wajukuu wangu nimeshawapeleka bustanini mara mbili. Mara ya kwanza tulifika saa sita mchana, kosa langu mwenyewe. Simba kalala chali, hata mkia hautikisiki. Mjukuu akauliza, "Bibi, amekufa?" Simba hulala hadi saa ishirini kwa siku, na jua la Tabora linamzidishia. Mara ya pili tulienda asubuhi mapema, akawa anatembea, akanguruma kidogo, mtoto akanikojolea sketi. Lakini alifurahi, mpaka leo anasimulia.

Kingine, usiingie na ratiba ya kuona kila kitu. Mtoto akitaka kukaa nusu saa kwa pundamilia mmoja, kaa naye. Watu wazima ndio tunakimbilia banda linalofuata kama tunakagua mali.

Fundi Reli
Mimi wanyama wa kufungiwa sipendi, nasema ukweli. Kama mnafika Tabora, si mwende Ugalla? Ni hifadhi ya taifa tangu 2019, wanyama wako huru.

Bibi Asali
Baba, na mbung'o wa Ugalla utamfunga wewe? Mtoto wa miaka mitatu kwenye gari kutwa nzima, joto, madirisha yamefungwa, simba mwenyewe labda umuone labda usimuone. Akifika miaka kumi nitakuunga mkono. Na hata hapo usimvishe bluu wala nyeusi, mbung'o wanazifuata rangi hizo.

Kijana wa Ujiji
Makumbusho ya Livingstone hapa kwetu je? Miembe ya kivuli ipo.

Mgebuka Mkavu
Yale masanamu mawili yanayosalimiana yalimtisha mwanangu, alilia hadi Kigoma mjini. Miembe mizuri, lakini habari ya Stanley kukutana na Livingstone 1871 haimhusu mtoto anayetaka simba. Ufukweni sikatai, kule Katonga maji ni meupe unaona samaki miguuni. Ila msimwache peke yake hata kidogo, ziwa hili halina mchezo, hatua chache tu kina kinakata.

Mama Nuru
Asanteni sana. Baba Nuru kasoma yote, kanyamaza, kisha kauliza treni inaondoka lini. Nimechukua hivi: tunasafiri usiku ili Nuru alale njiani, siku ya kwanza tunapumzika kwa wifi, kesho yake saa mbili asubuhi tuko getini. Saa tano tunatoka kabla jua halijakaza, ameona asione. Ufukweni tutaenda Jumapili nyingine na mama mkwe, naye afurahi. Bibi Asali, nguo ya kubadilisha nibebe ngapi?

Bibi Asali
Zake mbili, na yako moja. Na usije mikono mitupu kutoka ziwani, wifi yako atakusema: beba samaki, migebuka iliyokauka vizuri. Asali nitatoa mimi.