Hivi lile jimbo la Chicago lililomwangusha Obama mwaka 2000 lina historia gani?

mtoto_wa_Pangani
Wakuu habari za jioni. Jana kijiweni umezuka ubishi mkubwa, mzee mmoja anasema Obama hajawahi kushindwa uchaguzi hata siku moja, mi nkamwambia mzee wangu shikamoo lakini hapo sikubaliani na wewe, mwaka 2000 aligombea ubunge Chicago akapigwa vibaya na Bobby Rush. Hakuna alonielewa. Sasa nilipofika nyumbani nikaanza kujiuliza mwenyewe, mtu anayekuja kuwa rais miaka nane baadae anaangushwaje kwenye jimbo la watu weusi wenzake? Na nasikia jimbo lenyewe limekuwa na mbunge mweusi toka enzi za mababu. Mwenye kujua atupe darasa. (Nikisema jimbo namaanisha jimbo la uchaguzi, sio Illinois nzima, tusije tukachanganyana.)

NyarKisumu_Chi
Ndugu uko sawa kabisa, mzee alikosea. Mimi naishi Bronzeville mwaka wa kumi na moja huu, ndani ya hiyo eneobunge yenyewe, ya kwanza ya Illinois, na hii historia naipenda sana.

Kwanza ujue ilianzia kwa wahamiaji. Weusi walitoka Mississippi na kusini kote wakapanda treni kuja Chicago kutafuta kazi, hasa kuanzia vita vya kwanza vya dunia. Kule kwao kura walinyimwa kwa kodi na mitihani ya kusoma, huku walipofika wakakuta wanapiga kura tu kama watu wengine. Lakini nyumba walipangishiwa sehemu moja tu, South Side, kwa hivyo wakasongamana, na msongamano huo huo ndio ukawa nguvu yao ya kura. Pale barabara ya King Drive karibu na mtaa wa 26 kuna sanamu ya mtu mwenye sanduku lililofungwa kwa kamba, ameelekea kaskazini, mkono mmoja ameuinua. Ukiisogelea ndio unaona suti aliyovaa ni soli za viatu vilivyokwisha, soli juu ya soli mwili mzima. Mimi huipita nikienda kazini na bado hunigusa.

1928 wakampeleka Oscar De Priest. Kwa miaka 28 Bunge la Marekani halikuwa na mweusi hata mmoja, tangu 1901, sasa huyu ndiye akavunja hiyo. Na tangu alipoapishwa 1929 mpaka leo hicho kiti kimekaliwa na weusi bila kukatika. Alikuwa Republican lakini, chama cha Lincoln, wakati huo ndio kilikuwa chama chao.

Mzee_Kitabu
Dada kaeleza vizuri, mi naongezea kipande ambacho watu wengi hawakijui. De Priest hakupita kwenye kura za maoni. Alopita ni Martin Madden, mzungu alokuwa mbunge toka 1905, akafariki Aprili 1928 wiki kadhaa tu baada ya kupitishwa, ikabidi viongozi wa chama wachague mtu wakamweka De Priest. 1934 hivyohivyo upande wa Democratic, Arthur Mitchell alishindwa kura za maoni, alomshinda akafariki, kamati ikamchukua Mitchell na ndo akamtoa De Priest, akawa mweusi wa kwanza wa Democratic kuingia Bunge lile. Toka hapo Republican hawajakishika tena kiti. Halafu 1978 Ralph Metcalfe anafariki Oktoba, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, wakubwa wakamweka Bennett Stewart. Mara tatu hiyo!

Katikati ya hao kuna William Dawson, kuanzia 1943 mpaka 1970. Kumwelewa huyu fikiria balozi wa nyumba kumi enzi zile. Alikuwa na watu wake kila mtaa wanaojua nani hana kazi, nani anadaiwa kodi ya nyumba, nani makaa ya mawe yamemwishia na baridi ndo hiyo, wanamsaidia, siku ya kura wanapita mlango kwa mlango. Ndo siasa za pale zilivyokuwa, za mlangoni.

mtoto_wa_Pangani
Mzee Kitabu shikamoo. Sasa kama viongozi ndo walikuwa wanapanga, wananchi walikuwa na sauti gani? Na huyo Metcalfe ndo yule mkimbiaji wa Berlin 1936?

Mzee_Kitabu
Marahaba mwanangu. Ndo yeye, alikuwa na medali ya fedha mita 100 nyuma ya Jesse Owens, na dhahabu ya kupokezana vijiti. Na swali lako yeye ndo jibu lake. Alilelewa na mtandao wa Meya Daley lakini 1972 akasimama hadharani kupinga polisi kuwatesa weusi, Daley akakasirika, 1976 akamletea mpinzani kwenye kura za maoni. Watu wakamrudisha Metcalfe kwa kishindo. Kuanzia hapo mambo yakabadilika, yule Stewart alowekwa na wakubwa akaangushwa 1980 na Harold Washington, na Washington mwenyewe 1983 akawa meya wa kwanza mweusi wa Chicago. Mwaka huohuo Bobby Rush, aliyekuwa Black Panther (lile kundi la weusi waliodai haki zao), akapata udiwani.

NyarKisumu_Chi
Na hapo ndio utaelewa 2000. Rush alikuwa amekaa mtaani tangu ujana wake, 1992 akamtoa Charles Hayes, mbunge aliyemrithi Washington, kwenye mchujo. 1999 akajaribu umeya dhidi ya Daley mtoto akashindwa, Obama akaona huyu amedhoofika. Lakini Oktoba mwaka huo mtoto wa Rush akapigwa risasi akafa, na watu wakaomboleza pamoja naye. Desemba Obama akawa Hawaii kwa bibi yake, kura ya sheria ya bunduki ikapigwa Senati ya Illinois, ambako alikuwa seneta, yeye hayupo. Hebu fikiria ilivyosikika kwa mama aliyetoka kuzika. Juu ya hayo walimwona ni mwalimu wa chuo kikuu kutoka Hyde Park, Rais Clinton naye akamuunga Rush. Machi kwenye mchujo ikawa asilimia 61 za Rush kwa 30 za Obama. Huku nyumbani Nyanza tunajua, kwenye ngome ya chama mchujo ndio uchaguzi wenyewe.

Wazee wa jengo letu wakiulizwa hawasemi walimkataa Obama. Wanasema Rush alikuwa wao, na huyo kijana walikuwa bado hawajamjua.

mtoto_wa_Pangani
Nimeelewa sana, namprintia yule mzee hii yote. Sasa hivi mbunge nani?

NyarKisumu_Chi
Jonathan Jackson, mtoto wa Jesse Jackson yule mtetezi wa haki za weusi. Rush alistaafu, 2022 wakajitosa watu 17 kwenye mchujo wa Democratic, Jackson akapita na chini ya theluthi ya kura. Na ramani imenyooshwa sana, weusi wengi wamehama South Side kwa hivyo mipaka inaenda mbali kusini hadi kwenye mashamba ya mahindi. Huko kampeni ya mlango kwa mlango unahitaji gari.